Potwe, Samaki Mkubwa Asiyekula Watu
(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wanakisomo wa Ihembe)



Sisi wa Karagwe bahari tunaisikia tu. Leo nawaletea habari za samaki wa huko. Jina lake ni potwe. Wengine humwita papa shilingi, kwa sababu ya madoa yake meupe. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Anaweza kuzidi mita 12. Pimeni hatua ndefu 12, mtaona.

Je, anakula watu? Hapana. Anakula uduvi na visamaki vidogo, akiwachuja majini.

Kuanzia Oktoba hadi Machi potwe huonekana karibu na Kilindoni, kisiwani Mafia. Wageni huja kuogelea naye. Huvaa miwani ya maji na mrija wa kupumulia, wakaelea na kumtazama. Mwenye mashua hulipwa. Nahodha hulipwa. Mpishi naye hupata.

Potwe akiuawa, huuzwa mara moja tu. Tena hukua polepole. Hupita miaka 20 kabla ya kuzaa. Ndiyo maana yapo masharti: usimguse, usimpande, mashua isimzibie njia. Akinasa wavuni, afunguliwe.

Ndugu zangu, sisi tunayo Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe, iliyoanzishwa mwaka 2019. Mtego mmoja ni kitoweo cha siku moja. Je, mtu huchinja ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya mchuzi wa leo? Tulijadili jambo hili darasani.