Paa Yupi, Paa Lipi? Kuihoji Kamusi ya XML katika Vivinjari Tofauti



Mkazi wa Chamazi akisema kuwa basi lake huondoka saa moja asubuhi, Mswahili huelewa kuwa jua limekwisha kuchomoza. Mgeni akifasiri neno kwa neno kwa saa ya Kiingereza, atafika kituoni usiku wa manane. Wote wamesikia “moja”. Wametofautiana mahali pa kuanzia kuhesabu. Tofauti kama hiyo iliwahi kuwapo baina ya vivinjari.

XML ilipitishwa na W3C Februari 1998. Internet Explorer 5 ilitoka Machi 1999 ikiwa na lugha ya kuulizia hati hizo iliyojengwa juu ya rasimu. Lugha sanifu, XPath 1.0, ilikamilika Novemba 1999. Ya kwanza ilihesabu kuanzia sifuri, ya pili kuanzia moja. Firefox iliifuata XPath. Hata amri zilitofautiana: skripti ya Internet Explorer iliita selectNodes, ya Firefox iliita document.evaluate.

Tuchukue kundi la vitomeo vya umbo paa: kwanza mnyama, kisha sehemu ya nyumba. Swali kitomeo[1] katika Firefox lilimleta mnyama. Katika Internet Explorer 5 na 6, skripti isipotamka kuwa inataka XPath, swali hilohilo lilileta la nyumba. Hapakuwa na ujumbe wowote wa kosa. Msomaji alipewa jibu kamili la swali ambalo hakuliuliza.

Lakini Mswahili hayatofautishi maneno haya kwa nambari. Husema paa huyu, paa hili. Tukiandika upatanisho huo katika kila kitomeo, swali huwa kitomeo[@ngeli='li-ya'], na jibu huwa moja, popote kuhesabu kuanzapo.

Microsoft ilikoma kuihudumia Internet Explorer 11 Juni 2022, na vivinjari vikuu vya leo hufuata XPath 1.0. Hata hivyo, toleo jipya la kamusi likitanguliza kitenzi paa, kitomeo[1] itabadilika tena. Nambari ni ya mpangilio. Ngeli ni ya lugha. Kwa hiyo uwekaji alama katika kamusi zetu usiachiwe mtaalamu wa tarakilishi peke yake. Ni kazi ya isimu, na vivinjari hupita kabla ya kamusi.