Taa za Reli Ndogo za Mfano: Namna ya Kupaka Rangi na Kuficha Waya

(Haya ni maneno ya hotuba waliyopewa vijana wanaojifunza ufundi wa umeme.)



Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu wazima wengi, wenye kazi zao na jamaa zao, ambao jioni hukaa kutengeneza reli ndogo za mfano: garimoshi la kushikwa mkononi, stesheni, daraja, nyumba na milima, vyote juu ya meza. Msicheke. Huko Hamburg, Ujerumani, ndugu wawili mapacha, Frederik na Gerrit Braun, walifungua mwaka 2001 maonyesho ya reli za namna hiyo yaitwayo Miniatur Wunderland, na watu hutoka nchi za mbali kuja kuyatazama. Kila baada ya dakika 15 hivi mchana wa mle ndani hugeuka kuwa usiku, taa zikawaka madirishani, barabarani na ndani ya mabehewa. Taa ni maelfu kwa maelfu, wala mtazamaji haoni nyaya zake.

Nyaya hizo zimekwenda wapi? Kwanza fahamuni kipimo chenyewe. Kipimo kinachotumika sana ni sehemu moja katika 87. Mtu mwenye kimo cha mita 1.8 huwa milimita 21 tu. Basi waya wenye unene wa milimita 1, ambao sisi twauona mwembamba, ukipitishwa ukutani mwa nyumba hiyo ndogo huonekana kama bomba la unene wa sentimita 9. Kwa sababu hiyo mafundi hutumia waya wa shaba mwembamba kama unywele, wa milimita 0.1, uliopakwa vanishi badala ya kuvikwa mpira. Vanishi hiyo hapana budi ikwanguliwe nchani kabla ya kulehemu, la sivyo umeme hautapita.

Shaba hung'aa, na taa ikiwaka hung'aa zaidi. Hapo ndipo rangi inapohitajiwa. Waya hufutwa mafuta ya vidole kwa spiriti, kisha hupakwa rangi isiyong'aa, nyembamba, mara mbili, ifanane na kitu kilicho nyuma yake: kijivu penye saruji, hudhurungi penye mbao. Lakini fundi hodari hafichi tu. Huugeuza waya uwe kitu kingine. Ukiteremka kwenye pembe ya nyumba na kupakwa rangi nyeusi, kila mtu atadhani ni bomba la maji ya mvua. Nguzo ya taa nayo hutengenezwa kwa kijibomba cha shaba ya njano: waya mmoja hupita ndani yake, na nguzo yenyewe hushika kazi ya waya wa pili. Mimi naona hiyo ndiyo hila nzuri kupita zote, kwani hakuna kilichofichwa ila nusu ya kazi.

Rangi ina kazi nyingine tena. Kuta za plastiki hupenya mwanga, na nyumba isiyopakwa ndani huwaka nzima kama karatasi mbele ya mshumaa. Basi ndani hupakwa nyeusi kwanza, mwanga usipenye, kisha nyeupe juu yake ili chumba kiwe na nuru. Angalieni rangi zenye vimumunyisho vikali, maana huila plastiki. Na uso wa taa ufunikwe kwa kipande cha utepe wakati wa kupaka.

Siku hizi taa zitumikazo ni zile ndogo ziitwazo LED, ambazo hazitoi joto jingi kama balbu za zamani zilizoweza kuyeyusha paa. Taa nyeupe ya LED yataka volti 3 hivi. Ikifungwa moja kwa moja kwenye volti 12 itakufa papo hapo, kwa hiyo hutiwa rezista ya omu 1,000 njiani. Umeme wa nyumba, wa volti 240, usifikishwe kwenye meza hiyo kamwe. Transfoma inunuliwe ikiwa imefungwa vema kiwandani, kwani mikono ya watoto haikosi kufika hapo.

Sasa nasema jambo ambalo wengi hulisahau. Waya ukiisha kupakwa rangi haujulikani tena ni upi wa chanya na upi wa hasi, na LED ikigeuzwa haiwaki. Mwenye nyumba 40 na nyaya 80 za kijivu chini ya meza, taa moja ikizimika, atavunja mlima mzima akiitafuta. Kwa hiyo kabla ya brashi kuguswa, kila taa ijaribiwe, na kila ncha itakayobaki chini ya ubao ifungwe utepe, mwekundu kwa chanya na mweusi kwa hasi, pamoja na namba ya nyumba iliyoandikwa pia daftarini. Nyumba yenyewe isigandishwe kwa gundi. Iachiwe waya wa ziada sentimita 10 chini ya ubao, ipate kuinuliwa bila kukatwa kitu.