SOMO LA KUMI NA NNE: MAHANGAIKO YA MOYO

Waiteni na walio jikoni, tuanze somo letu.

Leo tutasema juu ya jambo linalojulikana katika kila nyumba, yaani mahangaiko ya moyo. Wengine huniuliza: "Mwalimu, nikihangaika, nimemkosea Mungu?" Wengine husema: "Labda nimerogwa." Nitawajibu kwanza kwa habari yangu mwenyewe.

Mwakumbuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Ilikuwa Jumamosi, mkesha wa Pentekoste. Mlima Nyiragongo ulipasuka, moto ukashuka kuelekea Goma. Waliouona moto wa mwaka 2002, uliopita katikati ya mji na kuliharibu kanisa kuu, hawakungoja kuambiwa. Kisha nchi ilitetemeka siku nyingi, na tarehe 27 Mei serikali iliagiza mitaa 10 ya mji ihame. Watu walikwenda Sake, wengine Rwanda, wamebeba watoto na magodoro.

Tuliporudi Katindo, nchi ilikuwa imetulia, lakini mimi sikutulia. Nililala na viatu miguuni. Siku moja, nilipokuwa nikifundisha katekisimu, benchi lilianguka. Nilikimbia hata uani, nikawaacha watoto ndani. Niliona haya kubwa. Nilijiambia: "Wafundisha kumtumainia Mungu, nawe wakimbia benchi!" Nikamwendea padri, nikitaka kuacha kazi. Hakunigombeza. Aliniuliza: "Tangu lini hujalala vizuri? Jana ulikula nini?" Sikuwa na jibu.

Fahamuni jinsi mwili ulivyoumbwa. Hatari ikitokea, moyo hupiga mbio, pumzi huwa fupi, viungo hukazana, ili mtu apate nguvu za kukimbia au kujitetea. Hiyo ni zawadi ya Muumba. Lakini mwili ni kama mlinzi wa usiku: akiisha kuona mwizi mara moja, hupiga kelele hata panya akipita. Akikesha hivyo miezi na miezi, nyumba nzima huchoka. Kichwa huuma, usingizi hupotea, baba humpiga mtoto kwa sababu ya kikombe kilichomwagika. Kumwonea mtoto ni kosa, nasi tuombe msamaha. Lakini mahangaiko yenyewe si dhambi wala si uchawi. Basi msimsingizie jirani.

Kumbukeni nabii Elia. Alichoka hata akatamani kufa, akalala chini ya mti. Malaika hakuja kumkemea. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Ndipo safari ya mlima Horebu ikaanza. Na Bwana wetu mwenyewe, katika shamba la Getsemani, aliwataka rafiki zake wakeshe naye. Basi nani kati yetu ataona haya kumwita ndugu?

Fanyeni hivi. Laleni kwa saa yake, na msilale njaa kama chakula kipo, hata kama ni sombe tu. Moyo ukipiga mbio, vuta pumzi polepole, uitoe polepole zaidi, ukisali Salamu Maria bila haraka. Karo, kodi na bei ya unga visikuangukie vyote siku moja: asubuhi chagua jambo moja unaloliweza leo, ulifanye. Mwambie mtu mwaminifu shida yako. Usiitafute amani katika kasiksi, maana kesho utaamka na shida ile ile, na deni juu yake. Na mtu asiyelala majuma mengi, au anayetamani kufa, asiachwe peke yake. Mpelekeni upesi kwenye kituo cha afya. Kumwendea mganga wa hospitali si kukosa imani.

Mimi sikuacha kazi. Hata leo benchi likianguka nashtuka, lakini nabaki na watoto.

MAULIZO

1. Je, kuhangaika ni dhambi?
Sivyo. Ni mwili unaoogopa hatari, hata iliyokwisha kupita.

2. Mungu alimsaidiaje Elia?
Alimpa kwanza usingizi, mkate na maji, kisha safari.

3. Tumfanyie nini ndugu anayehangaika?
Tumsikilize, tumlishe, tusali naye. Akizidiwa, tumpeleke kwenye kituo cha afya.

AZIMIO LA JUMA HILI: Nitamtembelea jirani mmoja, nimwulize: "Usiku ulilala?" Kisha nitanyamaza, nimsikilize.

Mungu awalinde. Tutaonana katika somo lijalo.