Mguu wa Mtoto na Nauli ya Mashua

Mgeni akishuka Songo Mnara huelekezwa kwenye magofu, yaliyotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mimi nilielekezwa uani, kwa mama aliyemfunika mwanawe miguu kwa kanga. Mtoto ana miezi mitano. Nyayo zote mbili zimegeukia ndani. Ni mguu kifundo.

“Ndivyo alivyoumbwa, mwanangu,” bibi yake akaniambia.

“Unatibika, bibi, tena pasipo upasuaji mkubwa.” Nikamweleza: mguu hunyooshwa taratibu kwa mkono, ukafungwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kwa wiki tano hadi nane hivi, kisha viatu maalumu, baadaye vya usiku tu, hadi miaka minne hivi. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, hufanya kazi hiyo.

“Kila wiki?” mama akauliza, akitazama maji. Mashua, basi, pa kulala!

Mwaka 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Vyema. Ila mkunga wa jadi aliyempokea mtoto huyu aliiona miguu siku ile ile, akanyamaza. Nani alimwambia pa kumpeleka? Anayestahili habari hizo kwanza ni yeye, kabla yetu sisi wa semina.

Niliandika jina la hospitali kwenye kipande cha daftari. Bibi akakifunga pindoni mwa kanga, panapofungwa fedha.