Fundi iko karibu, lakini haumujui

Vijana ba Ruashi,

Bomba ikipasuka kwako leo, unafanya nini? Unauliza jirani, naye anauliza shemeji yake. Kumbe fundi mwenye kujua ile kazi anaikala lupango ya pili, anakosa kazi, nawe haumujui.

Kule Nairobi, Lynk ilianza 2015 kuunganisha mafundi na wateja kwa intaneti. Sisi pia tunaweza. Lakini tuanze na fundi mwenye katelefone kadogo.

Kwa hiyo programu yetu ipokee SMS pia, juu mega ni bei na umeme unakatika ovyo. Anwani iwe vile tunavyoelekezana: kanisa, shule, soko. Falanga ya kazi na ya vifaa ziandikwe mbali-mbali, mbele kazi ianze. Na kama mteja anamupa fundi alama, fundi naye amupe mteja yake. Mwenye kukataa kulipa, ajulikane!

Juma hii, kila mmoja wetu aulize mafundi watatu ba kwake, wanaume ao wanawake: nini inawasumbua zaidi? Mulete majibu. Kisha ndiyo tutachora.