Bangi: Msimamo Tunaouleta Mbele Yenu Kabla ya Kura

*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*



Haya ni maneno tuliyoyasoma kwenye mkutano wa tawi Jumapili iliyopita. Kuna waliokuwa kazini, kuna waliokuwa safarini, na kuna waliosikia nusu wakatoka wakabishane nje. Tunayatuma yote kama yalivyosomwa. Tafadhali soma mpaka mwisho ndipo ujibu.

*Ndugu wanachama,*

Afisi ya chama ya kaunti imetaka kila tawi litoe maoni kuhusu bangi: ihalalishwe au isihalalishwe. Sisi wa kamati tumekaa vikao vitatu juu ya jambo hili. Tumewasikiliza kina mama, vijana wa maskani, wazee wa msikiti na wa kanisa, na wanachama wetu wachache walio Rastafari. Tumegawanyika, hilo si siri. Lakini tuligundua kwamba wengi wetu tulikuwa tukigombania neno moja, "kuhalalisha", na kila mmoja ana maana yake kichwani.

Kwa hiyo tumeligawa swali mara tatu. La kwanza: mtu mzima akikutwa na msokoto wake, afungwe? La pili: bangi iuzwe dukani kama sigara? La tatu: ilimwe kwa ajili ya dawa na viwanda? Mtu anaweza kujibu ndiyo kwa moja na hapana kwa jingine, na bado akawa na akili timamu na dini yake.

*1. MTU NA MSOKOTO WAKE*

Sheria yetu ya dawa za kulevya ni ya mwaka 1994. Ilipotungwa, aliyekutwa na bangi ya kuvuta mwenyewe aliweza kufungwa hadi miaka 10. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa, lakini kosa bado ni la jinai na jela bado ipo.

Je, jela imezuia? Utafiti wa NACADA wa mwaka huo huo wa 2022 uliona kwamba Mkenya 1 kati ya kila 53 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia bangi. Hao ni zaidi ya watu laki tano, na idadi ilikuwa imepanda sana ndani ya miaka mitano. Watu wametishwa na jela kwa takriban miaka 30, na idadi inapanda.

Sasa tuulizane ni nani anayefungwa. Mwenye gari na nyumba yenye geti havutii barabarani. Anayepekuliwa mifuko ni kijana wa bodaboda, mbeba mizigo, muuza maji. Na katika hao, anayekosa pesa ya kumalizana barabarani ndiye anayefika kortini. Kitu kidogo kimekuwa ushuru wa maskini, na nyinyi mnajua hivyo kuliko sisi.

Akishatoka, kifungo hakijaisha. Alama zake za vidole ziko kwenye rekodi. Akiomba cheti cha maadili mema ili aende kufanya kazi Qatar au Saudia, kosa linamfuata. Akitaka kuendesha matatu, linamfuata. Akitaka kuwa askari wa ulinzi kwenye hoteli, linamfuata. Tumemwadhibu kwa kuvuta, kisha tumemfungia kila mlango wa kazi halali. Atarudi wapi kama si maskani?

Halafu kuna jambo ambalo sisi watu wa Pwani tunalijua kwa uchungu. Unga umetumalizia vijana. Lakini serikali yenyewe ilikubali kwamba teja ni mgonjwa. Kliniki za methadone zilianza Mathari, Nairobi, zikaja Malindi, na leo mtu wa heroini anapanga foleni asubuhi, anapewa dawa na anazungumza na mshauri. Hatukusikia mtu akisema kwamba kumtibu ni kuhalalisha heroini. Inakuwaje wa heroini apelekwe kliniki na wa bangi apelekwe rumande?

*Pendekezo letu:* mtu mzima akikutwa na kiasi kidogo cha kuvuta mwenyewe asifungwe. Anyang'anywe, alipe faini ndogo isiyoingia kwenye rekodi ya jinai, na apelekwe kwa mshauri. Kumuuzia au kumpa mtoto bangi, hata ikiwa ndani ya biskuti au keki, adhabu ibaki kali kama ilivyo.

*2. BIASHARA YA DUKANI*

Hapa kamati inasema *hapana*, na vijana wetu watusikilize kabla ya kukasirika.

Tunayo mfano wa nyumbani. Mwaka 2010 sheria mpya ya vileo iliruhusu chang'aa itengenezwe na kuuzwa kwa masharti: leseni, vipimo, chupa zenye maandishi. Tukaambiwa sumu imekwisha. Mei 2014 makumi ya watu walikufa kwa pombe yenye methanoli katika kaunti za Embu, Kiambu, Kitui na Makueni, na wengine wakapofuka. Ruhusa ilikuwa kwenye karatasi, mkaguzi hakuonekana kilabuni. Serikali iliyoshindwa kukagua chang'aa, tuiamini vipi kwa bangi?

Afya nayo si hadithi ya kutishia watoto. Bangi inapoanzwa utotoni, ubongo ukiwa bado unakua, inadhuru kumbukumbu na masomo, na kwa baadhi ya watu huamsha ugonjwa wa akili. Kina mama waliosimama kwenye kikao wakasema wanawalea watoto wa namna hiyo hawakutunga. Tusimwite mama huyo mshamba.

Afrika Kusini imetuonyesha kwamba haya mawili yanaweza kutenganishwa. Septemba 2018 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua kwamba mtu mzima kutumia na kupanda bangi faraghani, kwa ajili yake mwenyewe, si kosa. Mei 2024 Rais Cyril Ramaphosa akatia saini sheria ya kufuata uamuzi huo. Kuuza, hata hivyo, kumebaki kosa.

*3. KILIMO CHA DAWA NA VIWANDA*

Wengi mnakumbuka uchaguzi wa 2022. George Wajackoyah alisema bangi ingelipa deni la taifa. Watu walicheka, walicheza, wakajaa kwenye mikutano, na alipata kura 61,969. Lakini kabla yake, mwaka 2018, marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alikuwa ameanza kazi ya mswada wa bangi bila ngoma wala tarumbeta. Alitaka wakulima na watumiaji wasajiliwe, na waliofungwa kwa kosa hili wafutiwe rekodi. Saratani ilimchukua Julai 2019. Mtu anaweza kuupinga mswada ule, lakini ulistahili kujibiwa hoja kwa hoja.

Kuhusu pesa, tuitazame Lesotho. Mwaka 2017 ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kutoa leseni za bangi ya dawa. Wakulima wa milimani, waliokuwa wakiilima kwa siri tangu enzi za babu zao, walidhani mlango umefunguliwa kwao. Leseni zikawa ghali, masharti ya uzio, maabara na ulinzi yakawa mazito, na walioingia ni kampuni zenye mtaji wa nje. Mkulima mdogo alibaki na kosa lake lile lile, akitazama mmea wake ukilimwa kihalali na mwingine.

Sisi wa Pwani tumeona jinsi korosho na mnazi zilivyotutajirishia madalali. Hatuna haja ya zao la tatu la namna hiyo.

*Pendekezo letu:* tawi liunge mkono kilimo cha dawa na viwanda kwa sharti moja. Sheria iandikwe ili vyama vya ushirika vya wakulima wadogo viweze kupata leseni. Bila sharti hilo, tupinge.

*KWA WANAOTUPINGA*

Baadhi ya wazee wetu wanasema ukiondoa jela umefungua mlango. Hoja hiyo tunaiheshimu, na ndiyo sababu hatutaki maduka, hatutaki matangazo, wala hatugusi adhabu ya wanaowauzia watoto. Haramu ya dini inabaki haramu, na imamu na padri wataendelea kuihubiri. Tunaloliuliza ni kama mtoto wa jirani yako aliyekosea aje kwako akiwa na mshauri au akiwa na pingu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi haya tumeyaficha rumande kwa muda mrefu.

*KURA*

Tutapiga kura Jumapili ijayo baada ya swala ya alasiri, kwenye ukumbi ule ule. Ni kura tatu tofauti, moja kwa kila swali. Waweza kukubali la kwanza ukakataa la tatu. Kamati nayo itahesabiwa kura zake kama kila mtu, na matokeo yatapelekwa kaunti jinsi yalivyo, hata tukishindwa.

Njoo na kadi yako ya uanachama. Kina mama, msiwaachie vijana ukumbi. Vijana, msiwaachie wazee.

Ukisambaza ujumbe huu, usambaze mzima. Ukikata kipande cha kwanza peke yake tutaitwa wavuta bangi, na ukikata cha pili tutaitwa wasaliti wa vijana.

Wenu katika utumishi,
*Kamati ya Tawi*