Simu Inapokukumbusha Ulikopita

Najua mlitegemea nizungumzie malaria. Hiyo siku nyingine. Leo ni simu na kumbukumbu.

Hebu jiulize, mbona ukipita mahali ulipocheza utotoni mambo yanarudi yenyewe, mpaka harufu? Ni kwa sababu ubongo hufunga tukio pamoja na mahali lilipotokea. Mwaka 1971 huko London, John O'Keefe alieleza kuhusu seli kwenye ubongo wa panya zinazochangamka pale mnyama anapofika sehemu fulani tu. Mwaka 2014 alipata Tuzo ya Nobel, pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser.

Wataalamu wa kompyuta nao wakaona hapo pana kazi. Mwaka 2011 kule Marekani ilianzishwa programu, baadaye ikaitwa Timehop. Ilichukua mahali ulipotangaza umefika kwenye mtandao wa Foursquare, kisha inakutumia barua pepe: mwaka jana, siku kama ya leo, ulikuwa hapa. Tamu, eh? Unakumbuka safari, sherehe, rafiki aliyehama.

Lakini je, hospitali alikofia mama yako? Au nyumba ambako msichana alitendewa vibaya? Simu haijui harusi wala msiba, yenyewe inaona nukta kwenye ramani, basi. Kwa hiyo ninyi mnaotaka kutengeneza programu, anzeni na kitufe cha "usinionyeshe tena mahali hapa". Na kionekane, msikifiche!

Halafu, kumbukumbu hizo zinakaa kwa nani? Julai 2018 Timehop walitangaza kuwa wameibiwa taarifa za watu wapatao milioni 21. Google, mwaka 2024, walianza kuhamishia historia ya safari za mtu kwenye simu yake mwenyewe. Hapo nawapigia makofi.

Sasa lile swali la kila siku: "Dada, mpenzi wangu anasema kama nampenda nimwachie aone nilipo." Nasema wazi, kupendwa siyo kulindwa kama mfungwa. Anayeona mizunguko yako ya mwezi mzima anajua njia yako ya shule, saa unazopita peke yako, na kama ulienda kliniki kupima. Leo jioni fungua simu, angalia nani ameruhusiwa kuona ulipo, uondoe usiyemtaka. Ila kama mtu huyo ni mkali na unamwogopa, usizime kwanza, maana atagundua. Tafuta mtu mzima unayemwamini, mpange pamoja.